Bustani Juu ya Mawe

Kama unakaa Goma, toka nje ya nyumba yako utazame chini. Unakanyaga nini? Wengi wetu tunakanyaga mawe meusi, makali kama meno, ambayo zamani yalikuwa moto uliotiririka kutoka Nyiragongo. Mlima huo ulitapika mwaka 1977. Ulitapika tena tarehe 17 Januari 2002, moto ukapita katikati ya mji hata ziwani, na watu zaidi ya laki moja wakabaki bila makao. Ukatapika tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021, upande wa Buhene. Juu ya mawe hayo tumejenga nyumba, makanisa, shule na hospitali. Somo hili lauliza jambo moja tu: je, twaweza pia kupata humo mboga za kuwalisha watoto wetu?

Twaweza. Lakini mtu mmoja peke yake huchoka upesi, maana udongo ni mbali, maji ni mbali, na mawe ni mazito. Ndiyo sababu tunasema habari ya kikundi, yaani jirani kumi au ishirini wanaokubaliana kulima pamoja, kila mmoja akitoa saa zake bila mshahara.

Kwa nini hospitali inafundisha habari ya mboga

Labda utasema, “Mimi nimekuja kutafuta dawa, na ninyi mnanionyesha lengalenga.” Ngoja kidogo.

Mama huja na mtoto wa miaka miwili. Miguu ya mtoto imevimba, uso umevimba, nywele zimekuwa nyepesi na nyekundu, hachezi, hacheki, ukimpa chakula anageuza kichwa. Baba asema mtoto amenenepa. Hapana, hakunenepa. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili, uhesabu tatu polepole, kisha uondoe kidole. Shimo likibaki pande zote mbili, mtoto huyo ni mgonjwa sana. Katika Kivu wengi huuita ugonjwa huu bwaki. Madaktari huuita kwashiorkor, neno la lugha ya Ga kutoka nchi ambayo sasa ni Ghana. Daktari Cicely Williams alilisikia kwa akina mama wa huko katika miaka ya 1930. Walilitumia kwa ugonjwa unaomshika mtoto aliyeachishwa ziwa kwa kuwa mdogo wake amezaliwa. Akina mama waliijua sababu kabla ya madaktari.

Mwingine havimbi, bali hukonda mpaka mifupa ionekane. Huyo mwuguzi humpima mkono kwa ule mkanda wenye rangi tatu. Kwa mtoto wa miezi sita mpaka miaka mitano, mkono ulio chini ya sentimita 11.5 uko katika rangi nyekundu, na hilo ni jambo la hatari.

Watoto hao hupewa maziwa ya tiba na baadaye lile bandiko la karanga, nao kwa neema hupona. Uvimbe huisha, anaanza kucheka, mama anafunga mzigo wake, anarudi Ndosho au Mugunga. Halafu baada ya miezi kadhaa wengine wanarudi tena, miguu imevimba kama kwanza. Kwa nini? Dawa haikukosa nguvu. Chungu cha nyumbani hakikubadilika: asubuhi chai, jioni ugali wa muhogo na mchuzi kidogo. Mtoto alipona hospitalini, akaugua tena jikoni.

Hapa lazima tuseme kweli yote. Majani peke yake hayaponyi bwaki, wala hayakingi kabisa. Mtoto mwenye uvimbe au mkono mwekundu aletwe hospitalini siku ile ile, asingojee mboga ikomae. Kazi ya bustani ni kujaza sehemu ya chungu isiyopatikana katika muhogo na mahindi. Majani mabichi ya rangi nzito yana vitamini A ya macho na ya kumkinga mtoto na maradhi, na madini ya chuma ya kujenga damu, hasa kwa mama mwenye mimba. Tena fedha usiyoitoa kwa mboga waweza kununua maharagwe au sambaza.

Jambo jingine. Mboga zetu nyingi hutoka Masisi, Rutshuru na Lubero. Barabara ikiwa wazi, masoko ya Birere na Virunga yanajaa kabichi, vitunguu na karoti. Barabara ikifungwa, bei hupanda kabla ya jua kutua. Tuliona hivyo Februari 2024 vita vilipofika Sake. Na mwisho wa Januari 2025, M23 walipouteka mji, kulikuwa na siku ambazo mtu hakuthubutu kutoka nje hata kutafuta maji. Siku kama hizo, gunia moja la lengalenga nyuma ya nyumba ni chakula cha jioni cha watoto.

Udongo unatoka wapi?

Usidanganyike na wanaosema ardhi ya volkano ina rutuba, basi panda tu. Majivu ya zamani yaliyooza, kama yale ya vilima vya Masisi, ndiyo yenye rutuba. Mawe ya mwaka 2002 bado ni mawe. Wajukuu zetu pengine watalima juu yake; sisi tunahitaji udongo wa kuletwa.

Kikundi kinaweza kuchanga na kununua mzigo mmoja wa udongo mweusi, ukaletwa kwa chukudu. Hiyo ni mashine nzuri, nani asiyeijua! Mbao mbili, magurudumu mawili, nayo hubeba kuliko punda. Udongo ukifika, usiumwage juu ya mawe ukaoshwe na mvua ya kwanza. Pangeni mawe yale yale meusi kuwa ukuta mfupi wa kufika goti, kisha jazeni ndani.

Udongo wa kununua ni mwanzo tu. Ulio bora mtautengeneza wenyewe. Maganda ya ndizi na viazi, majani ya maharagwe, nyasi, kinyesi cha kuku, cha sungura na cha simbilisi, wale ambao wengi wetu huwaita kobayi, vyote huwekwa safu kwa safu katika kona yenye kivuli, vikinyunyiziwa maji na kufunikwa kwa majani ya migomba. Geuzeni kila baada ya majuma mawili. Baada ya miezi mitatu hivi lundo litakuwa jeusi, laini, lisilonuka. Likinuka bado halijaiva. Kinyesi kibichi huchoma mizizi na huleta magonjwa. Na kinyesi cha binadamu kisiingie kamwe katika bustani ya mboga, hata kama mtu atakuambia kwamba kwao hufanya hivyo.

Neno la hatari hapa. Wako watu wanaotafuta udongo na majani katika mabonde madogo na mashimo, upande wa magharibi wa mji kuelekea Sake na karibu na ziwa. Humo hukaa mazuku, yaani hewa mbaya itokayo ardhini. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hukusanyika chini kama maji, haina rangi wala harufu. Asubuhi mapema, kabla ya upepo na jua, ndipo inapokuwa nyingi. Mbuzi hufa humo, na watu pia wamekufa. Usimtume mtoto kwenye shimo la namna hiyo. Ukiona ndege au panya wamekufa mahali, rudi. Na ukimwona mtu ameanguka humo, usishuke mbio kumwokoa, maana utaanguka naye. Ita watu, tafuteni kamba.

Bustani ya gunia

Asiye na parseli kubwa asikate tamaa. Gunia moja la kilo 50 lasimama mahali padogo kama kiti. Mjini Nairobi, katika mtaa wa Kibera, jamaa nyingi zilianza kulima katika magunia mwaka 2008, baada ya fujo za uchaguzi kukatiza chakula, nazo hazikuwa na nafasi kuliko sisi.

Twaa gunia zima, ukunje mdomo wake nje. Tafuta mkebe mkubwa wa maziwa, uutoboe pande zote mbili uwe kama bomba. Simamisha mkebe katikati ya gunia, ujaze mkebe kwa mawe madogo ya volkano, na kuuzunguka ujaze udongo uliochanganywa na mbolea, mafungu mawili ya udongo kwa fungu moja la mbolea. Kisha vuta mkebe juu taratibu, mawe yabaki. Jaza tena, vuta tena, mpaka gunia lijae. Sasa una nguzo ya mawe katikati, na maji utakayomwaga juu yatashuka kwa nguzo hiyo na kufika mizizi yote hata ya chini. Bila nguzo, juu panakuwa tope na chini panakuwa vumbi. Wengi wanaosema kwamba gunia halifai waliisahau nguzo.

Toboa matundu ubavuni, umbali wa shibiri moja, yasipangane wima bali yapishane. Katika kila tundu weka mche mmoja, mizizi ikielekea ndani na chini. Ubavuni panda lengalenga, sukuma wiki au ile kabichi ya majani. Juu panda vitunguu au nyanya moja. Karoti hazipendi kuhamishwa. Mbegu zake zitupwe moja kwa moja mahali zitakapokaa, afadhali katika kitalu cha ukuta wa mawe kuliko katika gunia.

Lengalenga huanza kuchumwa baada ya majuma manne hivi. Usiing’oe. Kata juu, uache shina lenye majani machache, nayo itachipuka tena mara kadhaa.

Jihadhari na moshi wa mlima. Nyiragongo ikitoa moshi mwingi, mvua inayopita ndani yake huwa na asidi, nayo hutia majani madoa ya kahawia na kuyachoma. Funika miche midogo kwa mkeka au turubai siku hizo. Na mvua ya kwanza inayoosha bati la nyumba usiikinge kwa kunywa, iache ipite.

Maji

Tuongee polepole hapa, maana katika mji huu maji yameua wengi.

Mwezi Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma na pande zake, karibu watu milioni moja kwa siku chache. Mawe yalikuwa magumu, vyoo havikuchimbika, hata makaburi hayakuchimbika. Watu walichota maji ya ziwa na kuyanywa. Kipindupindu kikaja, kisha kuhara damu. Katika mwezi mmoja walikufa watu wapatao 50,000. Mawe yaliyotuzuia kulima ndiyo yaliyozuia vyoo. Na kipindupindu hakijahama. Kila mara hurudi mitaani kwetu. Mei 2021 moto ulipoharibu tangi kubwa la maji na mabomba yake, watu karibu nusu milioni walikosa maji, wengi wakarudi ziwani na bidoni zao.

Kwa hiyo bustani isiwe njia ya ugonjwa. Maji safi ya bomba au yaliyotiwa dawa ni ya kunywa na ya jikoni kwanza. Bustani ipewe maji ya kuoshea mboga, maji ya mvua, au maji ya ziwa. Maji ya ziwa yamwagwe juu ya mawe ya nguzo na penye mizizi, si juu ya majani. Wakati wa kiangazi gunia moja latosheka kwa bidoni ndogo ya lita tano kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni. Mboga zetu zipikwe. Zile za kuliwa mbichi, kama saladi na nyanya, zioshwe kwa maji yaliyotiwa dawa, na mpishi aoshe mikono kwa sabuni. Anayetoka bustanini asimshike mtoto kabla ya kunawa.

Mtu akianza kuhara maji meupe kama ya mchele, asipelekwe kwanza kwa majirani kuombwa ushauri. Apelekwe kwenye kituo mara moja, na njiani anyweshwe: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Kujitolea si salongo

Wazee wanakumbuka salongo ya enzi za Mobutu. Mtu alitoka kufagia na kulima kwa sababu alihesabiwa, na asiyetoka aliadhibiwa. Hata leo ukisema “kazi ya pamoja”, wako wanaonuna. Nao wana haki yao. Kikundi cha bustani lazima kiwe kitu kingine, ama kitakufa kabla ya mvua ya pili.

Mtu ajitolee kwa kadiri ya nguvu zake. Hapa ndipo vikundi vingi vinapokosea: vinahesabu jembe tu. Mjane mwenye mgongo mbaya hawezi kubeba udongo, lakini hakuna awezaye kumshinda katika kuangalia kitalu cha miche. Mgonjwa aliye katika dawa za muda mrefu, anayechoka saa nne asubuhi, aweza kuchagua mbegu akiwa ameketi. Kijana wa shule aandike daftari. Baba mwenye chukudu alete mzigo mmoja kwa mwezi, na hiyo ihesabiwe kuwa zamu yake. Mama aliyejifungua juzi asipangiwe kitu, ila apelekewe mboga.

Zamu ya maji ndiyo inayovunja vikundi. Kupanda ni furaha, kila mtu huja siku ya kupanda. Kunyunyizia mwezi wa saba, jua kali na bomba halitoi, huko ndiko utakakojua nani ni mwenzako. Andikeni majina kwa siku, wawili wawili, ili mmoja akiugua mwingine awepo. Asiyekuja mara moja, aendewe nyumbani kabla ya kulaumiwa. Mara nyingi utakuta mtoto ana homa.

Kisha mavuno. Mkubaliane kabla ya kupanda, si siku ya kuchuma. Maoni yetu ni haya: fungu kubwa liende katika vyungu vya wanakikundi, fungu liuzwe kwa ajili ya mbegu na magunia, na fungu liwekwe kwa nyumba za watoto waliotoka hospitalini karibuni. Hilo la tatu ndilo linaloibiwa upesi, si na wezi wa usiku, bali na sisi wenyewe tukisema, “Juma hili mboga ni kidogo, tuwape juma lijalo.” Basi lichumwe la kwanza. Fedha ziandikwe mbele ya wote, kama mnavyofanya katika likelemba, na daftari lisikae nyumba moja na kisanduku.

Parseli ikiwa ya mtu, mwombeni karatasi yenye sahihi, inayosema miaka mingapi. Kiwanja kilichokuwa mawe matupu kikisha kujaa udongo mzuri, mwenye kiwanja huanza kukipenda. Magunia yana faida hiyo pia: mkifukuzwa, mnayabeba.

Chungu cha mtoto

Mama, usimpe mtoto mchuzi wa mboga na kumnyima mboga yenyewe. Mtoto aliyetimiza miezi sita aweza kula majani yaliyokatwa madogo sana na kupondwa, huku akiendelea kunyonya. Osha majani kabla ya kuyakata, si baada. Lengalenga haihitaji moto mwingi; ipike muda mfupi katika maji machache, usiyamwage. Sombe ni kinyume chake: itwangwe vizuri na ichemshwe muda mrefu, chungu wazi, maana majani mabichi ya muhogo yana sumu.

Tia mafuta ya mawese kijiko kimoja. Bila mafuta, mwili hauwezi kuipokea vizuri vitamini A ya majani. Ongeza nyanya, au kamua ndimu juu ya sahani, kwa kuwa uchachu huo husaidia chuma ya mboga kuingia katika damu. Kisha weka kile kinachojenga mwili: maharagwe yaliyopondwa, au sambaza wakavu waliosagwa kuwa unga. Samaki hao nao ni wageni kama sisi wengi. Walipandikizwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni nyama ya maskini. Kijiko cha unga wa sambaza katika uji wa mtoto, kila siku, ni bora kuliko kipande cha nyama cha Krismasi.

Mtoto apewe sahani yake. Akila katika sahani moja na wakubwa wake, wenye mikono mirefu watashiba yeye akitazama.

Mbegu

Mbegu za kabichi na karoti itawabidi kununua, lakini za lengalenga mtajiwekea. Katika kila gunia acheni mche mmoja wenye afya usikatwe, utoe kichwa cha mbegu. Kichwa kikianza kukauka, kikateni asubuhi pasipo mvua, kining’inizeni jikoni juu ya gazeti mpaka mbegu zidondoke zenyewe. Pepeteni, changanyeni na majivu makavu kidogo, tieni katika chupa yenye kifuniko, mwandike mwezi. Chupa mbili zikae nyumba mbili mbalimbali, ili nyumba moja ikiungua au ikihama, mbegu zisipotee zote. Mvua za mwezi wa tisa zikianza, zichanganyeni na mchanga mkavu kabla ya kuzitupa, maana ni ndogo mno na mkono huzimwaga zote mahali pamoja.